Benedikta Hataki Kula

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
4 Februari 1973

Mume wangu Tarsis,

Barua yako niliipata, ikanikuta mzima. Huku sote tupo, na joto nalo lipo. Tukifungua dirisha mbu wanaingia, tukifunga tunaiva.

Mama yako amefika. Alishuka kwenye basi la Masasi na kuku wawili, kikapu cha korosho na mfuko wa mtama, na hata kabla hajaketi akauliza mjukuu yuko wapi. Nimempa kitanda chetu. Mimi na Bene tunalala mkekani. Alikataa, mgongo ukamlazimisha kukubali. Bi Sitara mwenye nyumba amempenda sana. Mchana utawakuta wawili hao uani, mmoja na tasbihi, mwingine na rozari, wanachambua mchele pamoja na kulalamikia kelele za mafundi wanaojenga soko jipya.

Bene surua imekwisha. Ngozi yake imeanza kurudi ilivyokuwa. Kula bado anachaguachagua, lakini Mama anamshughulikia, kwa hiyo usijitie wasiwasi. Wewe angalia mawe ya hilo handaki yasikuangukie. Uliniambia nikuandikie kila kitu. Kila kitu ni hicho.

Mkeo,
Severa


Kambi ya reli, Mlimba
27 Februari 1973

Mpenzi Severa,

Nimefurahi sana kusikia Mama yuko hapo. Kazi ya huku ni milima mitupu. Tunatoboa mwamba, maji yanatoka, tunaanza upya. Msimamizi wetu Mchina hajui Kiswahili zaidi ya “polepole” na “haraka”, na anayasema yote mawili kwa wakati mmoja. Tunaelewana.

Kuhusu mtoto sina la kuongeza, maana umempata mwalimu. Pale kwetu Ndanda watoto wa rika langu tuliofikia kwenda shule hatukuwa wengi, na wote wanajua mimi nilifika kwa sababu ya mama yangu. Hakuna mtoto aliyewahi kumshinda. Msikilize kwa kila jambo la Bene. Mvua zikipungua mpelekeni akapigwe picha, unitumie. Nataka kumwona amenenepa.

Mumeo,
Tarsis


Kariakoo
30 Machi 1973

Mwanangu Tarsis,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika mwenyewe, kwa mwandiko niliofundishwa na masista nikiwa msichana, kwa hiyo vumilia.

Sikupenda kukuandikia habari hizi nawe uko ndani ya milima. Lakini mtoto ni wako. Mkeo amemwondoa mikononi mwangu. Anapakua chakula cha kumtosha kifaranga, anakiweka mbele ya mtoto, halafu yeye anakula chake. Hamwambii kula. Hambembelezi. Mtoto akisukuma sahani, mkeo anatazama pembeni kama hakuona. Baada ya muda mfupi anaondoa vyote na kunawa mikono, basi, imekwisha. Mtoto anakwenda kucheza na tumbo tupu.

Nilipoandaa uji wa mtama ili nimpe kama ninavyojua mimi, alinishika mkono. Mimi, mama yako, nilishikwa mkono mbele ya wapangaji.

Benedikta amekonda. Shingo yake ni kama ya ndege. Kuna mwanamke wa kliniki amemtia mkeo maneno haya, na sasa neno la mwanamke yule ndilo sheria humu ndani. Nilikuja kumwokoa mtoto, sikuja kumtazama anakufa. Sema neno, mwanangu. Mimi langu nimesema.

Mama yako,
Evarista


Mlimba
12 Aprili 1973

Severa,

Nimepata barua ya Mama. Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikatoka kwenye foleni.

Uliniandikia mtoto anachaguachagua. Mama ananiandikia mtoto ana shingo ya ndege. Kati yenu mmoja hasemi kweli, na mama yangu simjui kwa uongo. Kwa nini sikuambiwa? Tangu lini mtoto mgonjwa huwekewa chakula na kuondolewa kana kwamba ni paka? Nilikuoa kwa sababu ya huruma yako. Nakumbuka ulivyomuuguza Pius, ndugu yako, mpaka akasimama. Sasa najiuliza huruma ile imekwenda wapi.

Barua hii ikifika, mtoto arudi mikononi mwa Mama. Kama hilo haliwezekani hapo mjini, Mama amchukue waende naye Ndanda, nami nitakuja huko likizo. Sitaki mabishano.

Tarsis


Kariakoo
Jumapili ya Pasaka, 22 Aprili 1973

Baba Benedikta,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Nilitaka kukujibu kwa hasira, nikasubiri. Leo nimetoka kanisani na hasira imepungua, kwa hiyo nitakueleza tangu mwanzo, na safari hii sitaficha. Nilificha kwa sababu mbili: wewe uko mahali pa hatari, na jambo lenyewe linamgusa mama yako. Nilidhani nitalimaliza kabla hujajua.

Surua ilimwachia Bene vidonda mdomoni. Kila kilichoingia kilimuuma, akajifunza kufunga mdomo. Hapo Mama ndipo alipofika. Akaanza kumlisha kwa kiganja. Anamlaza mapajani, anambana miguu, anaziba pua, na mtoto akifungua mdomo avute pumzi uji unamiminwa. Mara ya kwanza nilidhani ni sawa, maana hata kwetu nimeona wanawake wakifanya hivyo. Uji uliingia, ukatoka na damu kidogo ya vidonda. Mama akajaza kiganja tena. Asubuhi, mchana, jioni. Vidonda vikapona, lakini mdomo haukufunguka. Ikafika mahali Mama akifungua khanga tu ajifunike mapaja, Bene anapiga kelele mpaka wauza vitumbua wa mtaani wanasimama mlangoni kuuliza. Alikuwa akitapika kabla hajalishwa. Usiku alikuwa akitafuna hewa usingizini.

Mama hakuwa akifanya kwa ukatili. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Alikuwa akilia huku anamlisha. Nilimwona.

Mwezi Machi mtoto alishindwa kupanda kizingiti cha mlango. Nikambeba nikaenda kliniki ya watoto, nyuma ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Yuko muuguzi anaitwa Sista Celina. Yeye si mtawa. Ni cheo chao tu. Amesomea magonjwa ya watoto, na wanampa wale walioshindikana kula. Kwanza alimpima kila mahali: koo, kifua, choo, damu. Akasema mwilini hakuna kinachomzuia tena. Kisha akaniomba nimlishe mbele yake kama tunavyofanya nyumbani. Niliona aibu, lakini nilifanya. Alitazama mpaka mwisho bila kunikatiza, akampangusa Bene uso, akampa kijiko kitupu achezee. Halafu akaniambia:

“Mama, mtoto huyu hakatai chakula. Anakataa kinachompata chakula kinapokuja. Kazi yetu ni kumfanya asahau hicho, na hatasahau kwa siku chache.”

Alinifundisha hivi. Chakula kije kwa saa zake, na katikati apewe maji tu, ili tumbo lake lijue njaa na shibe. Apakuliwe kidogo sana, asiogope wingi. Mimi nile naye, chakula kilekile, nikionyesha kinavyonoga. Asilazimishwe wala kubembelezwa. Akitema, nipanguse bila neno wala kukunja uso. Akigusa chakula, hata kwa kidole, hapo ndipo nimtazame, nimchekee, niseme naye. Sista Celina alisema mtoto alikuwa amezoea kwamba akikataa nyumba nzima inamzunguka, na akila hakuna anayemwangalia. Tugeuze. Na chakula kiondolewe kwa wakati wake bila hasira, kwa sababu kingine kinakuja.

Hakuniacha hivihivi. Anatupa maziwa ya unga, Bene anayanywa kwa kikombe chake mwenyewe, maana hicho hakukikataa. Kila juma tunakwenda kupimwa kwenye mizani. Ameniambia wazi kwamba uzito ukishuka tena atamlaza hospitali siku hiyohiyo.

Uzito haujashuka. Haujapanda sana pia. Lakini Alhamisi iliyopita alichovya kidole kwenye tui la samaki wangu, akakilamba. Nilimchekea, akachovya tena. Basi ni hapo tulipofika. Kwako ni padogo, kwangu ni mbali.

Nilimshika Mama mkono, ndiyo. Nimemwomba radhi kwa kupiga magoti, hakunijibu. Tunalala chumba kimoja na hatusemezani. Anakula peke yake uani akitupa mgongo.

Unasema aende Ndanda. Wewe ni baba yake, ukisisitiza nitamfungia nguo zake. Lakini nakuomba, kabla ya hapo, muulize mama yako jambo moja mimi nisiloweza kumuuliza. Anaogopa nini? Maana nimemtazama anapoona sahani ya Bene inaondolewa. Ile si hasira, Tarsis. Mikono yake inatetemeka.

Severa


Mlimba
6 Mei 1973

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba unisamehe kwa kukuuliza kwenye karatasi jambo ambalo mtoto angemuuliza mama yake ana kwa ana.

Severa amenieleza jinsi ulivyokuwa ukimlisha Bene. Nilipofika pale pa kuziba pua niliiweka barua chini. Mama, unajua mimi sili uji. Hapa kambini wenzangu wananicheka, wanasema mtu wa kusini gani asiyekunywa uji wa mtama. Siku zote nilijibu kwamba siupendi. Sasa nauliza: mimi nililishwaje nilipokuwa mdogo? Na kwa nini mikono yako inatetemeka ukiona sahani ya mtoto inaondolewa?

Nimemwandikia Severa aendelee kama anavyofanya mpaka nitakapopata jibu lako. Usione nimechagua upande. Sijui upande uko wapi.

Mwanao,
Tarsis


Kariakoo
27 Mei 1973

Mwanangu Tarsis,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo.

Umeuliza, nitakujibu. Nimechelewa kwa sababu nilianza barua hii mara nyingi.

Unajua ulikuwa na dada, Angelina. Tulikuambia alikufa kwa homa. Homa ilikuwapo, lakini si homa iliyomuua. Mwaka ule mvua zilikataa, na surua ikapita kijijini nyumba kwa nyumba. Angelina aliumwa, akapona, akawa hataki kula. Tulikuwa na mihogo mikavu tu, na uji wake mchungu. Mama yangu mimi aliniambia, mwache, akishikwa na njaa atakula mwenyewe. Nikamwacha. Nilikuwa na umri mdogo, nilimsikiliza mama. Nikaweka chakula, asipokula nikaondoa. Siku moja nilipokwenda kumwamsha, hakuamka.

Mwaka uliofuata surua ikakukamata wewe. Na wewe ukafunga mdomo. Sikumsikiliza mtu tena. Nilikulaza mapajani, nikakuziba pua, nikakumiminia uji kwa kiganja hiki ninachoandikia, ukiwa unalia na mimi nikilia. Baba yako alitoka nje asione. Ukapona. Ukaenda shule. Leo unatoboa milima. Kila nikikutazama najua ni mkono huu.

Basi fikiri, mwanangu, mimi nimekaa uani Kariakoo, namwona mkeo anaweka sahani na kuiondoa. Nilimwona Angelina. Kila siku, asubuhi, mchana na jioni, nilimwona Angelina.

Nilipopata barua yako nilichukua mwavuli wa Bi Sitara nikaenda kliniki peke yangu. Severa hakujua. Nilikwenda kumwambia yule Sista Celina kwamba anaua. Nilimkuta amekaa sakafuni na mtoto wa watu. Alinipa kiti, akasimama yeye. Nilimwambia yote haya niliyokuandikia, ambayo sijawahi kumwambia mtu tangu baba yako azikwe. Sikuwa nimekusudia kumwambia. Yalitoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia nilikosa. Aliniambia hivi: “Bibi, mwaka ule hukuwa na maziwa, hukuwa na dawa, hukuwa na mizani, na mtoto alikuwa bado mgonjwa. Ulichofanya kwa mwanao ndicho kilichokuwapo. Huyu wa sasa amepona, na tuna vitu ambavyo wewe hukuwa navyo. Kumwacha na kumngoja si kitu kimoja. Angelina aliachwa na njaa ya nchi nzima. Benedikta tunamngoja, na tunamshika kila juma.”

Akanionyesha mizani. Akanieleza sindano yake ya kuonyesha uzito iko wapi sasa, na ilikuwa wapi mwezi wa tatu. Haijashuka.

Nikamuuliza, basi mimi nifanye nini, niende kwetu? Akasema, hapana, mtoto anakuogopa wewe wakati wa kula kuliko mtu yeyote. Ukimfundisha wewe kwamba huna neno, atakuwa amefundishwa na wote. Keti naye. Kula chakula chako. Mikono yako isimfuate.

Tarsis, nimelima, nimezaa, nimezika. Sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo.

Nilirudi nikamwambia Severa kesho nitakula nanyi. Alinipangia mahali mkekani. Bene aliponiona nimeketi alianza kulia, akajificha nyuma ya mama yake. Nilikula wali wangu. Alitema maziwa yakanirukia kwenye khanga. Nilikula wali wangu. Mikono ilitaka kwenda, nikaikalia. Niliikalia kabisa, mwanangu, chini ya mapaja, kama mtoto wa shule. Severa aliona. Baada ya kuondoa vyombo alinitengea maji ya kuoga, akaniita Mama. Tukaanza kusemezana.

Kuhusu uji, nisamehe. Sikujua kwamba uliubeba mpaka leo.

Mama yako,
Evarista


Kariakoo
15 Julai 1973

Mpenzi Tarsis,

Nilikawia kukuandikia kwa sababu Bene aliugua malaria, na sikutaka kukutumia habari nusu. Sasa amepona, na nina habari nzima.

Kabla ya malaria tulikuwa tumefika pazuri. Alikuwa anakula ndizi mbivu na tui na ugali laini, tonge dogo kama punje ya mahindi. Homa ikaja, mdomo ukafunga tena, kama siku ya kwanza. Homa ilipoondoka nilimwekea chakula, akakisukuma. Asubuhi akakisukuma, mchana akakisukuma. Nilichoka, Tarsis. Nilikuwa sijalala. Mizani ilikuwa imeshuka, na Sista Celina alisema kwa kuwa ni homa iliyomshusha hatamlaza kwanza, ila juma hilo ndilo la kuangalia. Jioni nilichota ugali, nikamvuta Bene mapajani, nikamshika kidevu.

Mama akaweka mkono juu ya mkono wangu. Hakunivuta. Aliuweka tu, akasema kwa sauti ya chini, “Mwache, mwanangu. Nipe mimi nimshike, wewe kapumzike.” Nikaanza kulia. Alimchukua Bene, akamweka chini mkekani umbali wa hatua moja, akaendelea kula chakula chake kama hakuna kilichotokea. Mimi nilitoka nikakaa kwenye baraza la nje, nikamsikia anamwambia Bi Sitara kupitia dirishani kwamba samaki wa leo wa soko la Feri ni mzuri, amekaangwa akakauka. Sauti yake haikutikisika. Mimi ninayejua habari ya Angelina, maana amenisimulia mwenyewe, nilijua sauti ile ilimgharimu nini.

Usiku huo Bene alikunywa maziwa tu. Kesho yake vilevile. Tulimpeleka akapimwa, Sista Celina akasema hajashuka tena, tuendelee, na turudi baada ya siku mbili badala ya juma. Tukaendelea.

Wazo lililofuata ni la Mama. Aliona kwamba mchana Bene husimama kwenye nguzo ya uani anawatazama wajukuu wa Bi Sitara wakila kwenye sinia moja. Wale hawabembelezwi. Wananyang'anyana. Mama akaenda kumuuliza Sista Celina kama inafaa, akaambiwa inafaa sana, watoto hufundishana kuliko tunavyowafundisha. Bi Sitara akasema mtoto mmoja hazidishi kitu kwenye sinia. Kwa hiyo mchana Mama huketi kando ya sinia na sahani yake, Bene karibu naye, na hakuna anayemsemesha. Sophia, mjukuu mkubwa wa Bi Sitara, alitaka kumtilia tonge mdomoni. Mama akamwambia taratibu, “Acha, ana mikono.”

Siku ya Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, walipika wali wa nazi na samaki wa mchuzi. Watoto walikuwa wamekwisha anza. Bene alikaa akiwatazama. Kisha akanyanyuka, nikadhani anakuja kwangu jikoni. Alikwenda kwa bibi yake. Alisimama mbele yake, akatazama sahani, akatazama mikono ya bibi. Mikono ilikuwa imetulia. Akasema, “Bibi, nipe.”

Mama hakumpa. Ningekuwa mimi ningemrushia sahani nzima. Alisogeza sahani kidogo upande wa Bene, akasema, “Chukua, mama.” Bene akakaa chini, akachota wali kwa mkono wake kutoka sahani ya bibi yake, akala. Akachota tena. Wali ulimwagika mapajani mwa Mama, mapaja yaleyale, na Bene akawa anaokota punje moja moja juu ya khanga na kula, akiegemea goti la bibi yake kama kiti.

Mama alikuwa anaongea naye, akimsifia, sauti ya kawaida kabisa. Sijui aliwezaje. Watoto walipomaliza na Bene akakimbia kucheza, Mama aliinuka akaingia chooni, akakaa huko muda mrefu. Bi Sitara akaniambia nisimfuate.

Nilikuandikia kwamba nilificha mambo ili nisimseme mama yako. Leo nakuandikia kwa sababu nataka kumsema. Watu wengi wanaweza kuwa na nguvu ya kushika mtoto. Yeye alikuwa na sababu kuliko sisi wote ya kutoamini, na akaamini. Sijui kama mimi ningeweza.

Mizani imepanda. Picha naiweka ndani ya bahasha hii. Hajanenepa kama ulivyotaka, ila tazama macho.

Mkeo,
Severa


Mlimba
5 Agosti 1973

Severa wangu,

Picha nimeibandika juu ya kitanda. Msimamizi Mchina aliiona, akanionyesha ya kwake, mtoto wa kiume mwenye mashavu. Tulitazamana tukacheka.

Barua niliyokuandikia Aprili naomba uichome. Nilikuuliza huruma yako imekwenda wapi, kumbe ilikuwa inafanya kazi ambayo mimi nisingeiweza kutoka huku milimani wala hapo nyumbani. Ulibeba mtoto, ukambeba mama mkwe asiyekusemesha, ukanibeba mimi na hasira yangu, na katika barua ya Pasaka hukusema neno moja baya juu ya yeyote. Nimewasomea wenzangu barua yako ya Julai, isipokuwa pale panapohusu dada yangu. Benjamini, jirani yangu wa kitanda, ana mtoto Tukuyu mwenye tatizo kama hili. Amenakili mafunzo ya Sista Celina kutoka barua yako ya Pasaka, amemtumia mkewe.

Dada Angelina nimemwombea misa kwa padri anayepita kambini. Nilikuwa sijui nina nani wa kumwombea.

Mwezi wa kumi napata likizo. Uniambie mapema nikae wapi mkekani na nifanye nini na mikono yangu.

Mumeo,
Tarsis


Kariakoo
16 Septemba 1973

Mwanangu Tarsis,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu zako na misa vimenifikia. Ahsante kwa misa.

Benedikta hajambo. Anakula, halafu anatembelea milango ya wapangaji kuona wamepika nini. Severa anaona haya, mimi namwambia amwache, aibu ya namna hiyo tuliiomba kwa Mungu.

Ulitaka kujua narudi lini Ndanda. Nilikuwa nimekwisha funga kikapu. Severa alininunulia khanga mbili na Bi Sitara akanipa ule mwavuli wake. Nikaenda kliniki kumuaga Sista Celina. Nilimkuta na mwanamke mmoja kutoka upande wa Msimbazi, jina lake Hadija, na mtoto wa kiume mwaka mmoja na nusu, mifupa mitupu. Mwanamke yule alikuwa akimwambia Sista Celina maneno niliyomwambia mimi. Kwamba hayo ni mambo ya watu waliosoma, kwamba mtoto akiachwa atakufa, kwamba kuna mwanawe mwingine aliyekwisha mfia. Sista Celina alimjibu vizuri, lakini nilimwona yule mwanamke haisikii sauti ile. Nami naijua hali hiyo, kwamba unaona mdomo wa mtu unatembea na wewe uko kaburini.

Sista Celina akanitazama.

Nikaweka mwavuli chini. Nikamuuliza Hadija aliyekufa alikuwa anaitwa nani. Akaniambia. Nami nikamwambia wa kwangu.

Ndanda itasubiri mpaka mvua za vuli. Kila mchana nakwenda Msimbazi, nabeba chakula changu kwenye bakuli. Tunatandika mkeka, tunakula, Hadija na mimi, na mtoto amekaa kati yetu. Bado hajagusa kitu. Jana Hadija alinyanyua mkono kumshika, kisha akaurudisha akaukalia. Tukaendelea kula.

Mama yako,
Evarista